Mahali Pema pa Kutazama Nyota

Walimu wengine wametuuliza, Je, tuwapeleke watoto wapi wazione nyota vizuri? Twajibu: mahali pema ni penye giza na uwazi, wala si lazima pawe mbali.

Mjini Tunduma taa za nyumba na za malori hufifisha nyota. Huku Isongole giza lipo bado. Tafuteni mahali palipoinuka, pasipo miti mirefu, wakati wa kiangazi, Juni hata Agosti, usiku usio na mwezi. Wavikeni watoto nguo nzito, maana baridi ni kali.

Sisi wenyewe tulikosea mwaka mmoja. Tuliwapandisha watoto kilimani wenye tochi, wasione ila nyota chache. Bibi mmoja akatuambia, “Wanangu, zimeni taa, mngoje.” Tukazima. Baada ya nusu saa macho yakazoea, anga likajaa nyota, na Msalaba wa Kusini ukaonekana wazi.

Mtoto mmoja akauliza kwa hofu, “Zaweza kutuangukia?” Tukamweleza habari za kimondo cha Mbozi, kijijini Ndolezi, kikadiriwacho kuwa tani 16. Hicho si nyota, bali ni chuma kilichoanguka zamani kutoka angani. Mpelekeni mtoto mchana akiguse, hofu itapungua.

Kilimia, kitajwacho katika kitabu cha Ayubu, kitafuteni jioni za Januari, mawingu yakitawanyika.

Basi, wazazi, jioni moja zimeni taa, mtoke uani pamoja na watoto wenu. Amjuaye Muumba wa nyota haogopi usiku.