Nafasi Tupu Moja Inavyoficha Vijiji Visivyo na Kisima

Kamati za sharika na wafadhili wetu huuliza swali moja mara kwa mara: ni vijiji gani bado havina kisima? Siku hizi jibu hutolewa na kompyuta, nayo inaweza kujibu kwamba hakuna hata kimoja, kumbe vipo tisa.

Tuchukue mfano wa madaftari mawili ndani ya kanzidata ya Ngara na Biharamulo, moja la vijiji, jingine la visima. Swali letu lina swali jingine ndani yake. Kwanza kompyuta hukusanya majina ya vijiji yaliyoandikwa kwenye daftari la visima, kisha hupitia daftari la vijiji na kutoa kila jina lisilomo katika mkusanyo huo. Katika lugha ya SQL, iliyotokana na kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM mwaka 1974, hilo huandikwa NOT IN.

Sasa kisima kimoja kikae bila jina la kijiji. Hutokea kirahisi. Chato ilimegwa kutoka Biharamulo na tangu 2012 iko Mkoa wa Geita. Anayesafisha orodha ya zamani akifuta jina la kijiji cha huko na kukiacha kisima, nafasi inabaki tupu. Kwa SQL, tupu maana yake si "hakuna" bali "haijulikani". Basi kompyuta huuliza: je, kijiji hiki ni tofauti na cha kwanza? Ndiyo. Na cha pili? Ndiyo. Na kile kisichojulikana? Haijulikani. Kanuni inadai ndiyo kwa vyote, hivyo kijiji kinaachwa, na kinachofuata vilevile, hadi orodha inatoka tupu bila onyo lolote. Wengine husema mashine imekosea. Sisi tunaona imetii, na hilo ndilo linalotisha zaidi.

Kasoro ya jamaa yake iko kwenye kuhesabu. Mwaka 1982 Won Kim alitoa njia ya kuharakisha maswali ya namna hii. Mwaka 1987 Richard Ganski na Harry Wong walionyesha inavyopoteza wenye sifuri. Ukihesabu visima kwa kijiji kwanza ndipo uunganishe na orodha ya vijiji, kijiji kisicho na kisima hakimo katika hesabu, kwa hiyo kinadondoka.

Mafundi wa kompyuta watumie NOT EXISTS, inayouliza kijiji kwa kijiji kama kina kisima. Makarani wasipokee fomu ya kisima isiyo na jina la kijiji. Nao wanaoletewa taarifa wadai namba tatu: vijiji vyote, vyenye kisima, na visivyo nacho. Zikisomeka 40, 31 na 0, taarifa irudishwe kabla fedha hazijagawiwa.