Ratiba na Raha: Familia Zetu katika Bustani za Burudani



Kila inapokaribia likizo ya kiangazi, familia nyingi za jumuiya yetu hapa Marekani huanza kuhesabu akiba yao kwa ajili ya safari ya Florida. Watoto wameyasikia majina ya bustani zile kwa wenzao shuleni. Wazazi nao, ambao wiki nzima hupishana mlangoni, mmoja akirudi kutoka zamu ya usiku na mwingine akienda ya asubuhi, huiona safari hiyo kuwa fursa adimu ya watu wa nyumba moja kuwa pamoja. Kwa hiyo yafaa tujiulize, kabla fedha hazijatoka mfukoni: je, siku hizo chache zipangwe saa kwa saa, au ziachwe zijiendee?

Wapo miongoni mwetu wanaoishikilia ratiba, na hoja yao haifai kupuuzwa. Walt Disney World, iliyofunguliwa karibu na Orlando tarehe 1 Oktoba 1971, si kiwanja cha sikukuu cha kwetu, ambako mtu hujiendea jioni, akawanunulia watoto ubuyu na kuwapandisha pembea. Ni bustani kuu nne zilizo mbalimbali: Magic Kingdom ya mwaka 1971, Epcot ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya mwaka 1989 na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Bei ya tiketi hubadilika kwa tarehe, na mtoto aliyetimiza miaka 3 hulipiwa. Tangu Julai 2024, anayetaka kupitia njia ya mkato iitwayo Lightning Lane hulipa zaidi na huweza kuchagua saa zake kabla ya kufika: siku 7 kabla kwa wageni wa hoteli za Disney, na siku 3 kabla kwa wengine. Asiyeyajua hayo hufika saa 5 asubuhi katika wiki ya Krismasi, akashinda siku nzima akitazama migongo ya watu. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Hata hivyo, ratiba nayo ina ugonjwa wake. Tumeziona familia zilizoandika siku yote tangu alfajiri hadi usiku, bila kuacha hata nusu saa ya kupumua. Baba hushika simu mkononi kama msimamizi wa kiwandani, mama huwahimiza watoto wamalize chakula, na bibi, aliyekuja kututembelea kutoka nyumbani, huburutwa juani kwa miguu iliyovimba. Hapo mapumziko hugeuka zamu nyingine, tena zamu isiyo na mshahara. Ikifika alasiri, mvua ya radi, ambayo ni kawaida ya Florida wakati wa kiangazi, husimamisha michezo ya nje, na ratiba nzima huvunjika. Mtoto hulia kwa sababu ya mvua. Mzazi hukasirika kwa sababu ya karatasi.

Mtaalamu mmoja, David Maister, aliandika mwaka 1985 juu ya saikolojia ya kusubiri. Alieleza kwamba muda usio na la kufanya huonekana mrefu kuliko muda wenye shughuli, na kwamba kusubiri peke yako ni kurefu kuliko kusubiri na wenzako. Wazee wetu walilijua jambo hilo bila kulisoma. Foleni ya saa nzima yenye vitendawili na hadithi za babu huenda ikawa ndiyo saa pekee ya mwaka ambapo baba na mwanawe wamesimama bega kwa bega bila mmoja wao kukimbilia kazini.

Mfano mzuri tunaupata ndani ya Animal Kingdom yenyewe. Humo umejengwa mji wa kubuni wa Afrika Mashariki uitwao Harambe, wenye majengo ya kuigiza miji yetu ya pwani na maandishi ya Kiswahili. Kipo kibanda kiitwacho Tamu Tamu, na ipo baa iitwayo Dawa. Mwenye kuitumikia ratiba huupita mji huo mbio. Asiye na pupa huweza kumsikia mtoto wake, aliyezoea kujibu kwa Kiingereza hata akiulizwa kwa Kiswahili, akilisoma kwa sauti neno analolijua kutoka jikoni kwao. Bibi atacheka kuona huku dawa inauzwa baa. Mtoto atataka kujua kinachochekesha. Na hapo somo la lugha litakuwa limefanyika bila ubao wala chaki. Hakuna programu ya simu inayoweza kuzipanga dakika hizo.

Hata safari ya kutazama wanyama iliyo jirani na mji huo, Kilimanjaro Safaris, hutufundisha jambo hilo hilo. Magari huondoka kwa utaratibu, lakini twiga na tembo wa pale ni wanyama hai. Ratiba huleta gari. Twiga hujileta mwenyewe.

Kwa maoni yetu, yapangwe yale ambayo yakikosewa hayana marekebisho ya haraka: tarehe, tiketi, usafiri, malazi, na mahali pa kukutania iwapo mtoto atapotea. Watoto wapimwe urefu nyumbani, maana Space Mountain, kwa mfano, haimpokei aliye chini ya inchi 44, yaani kama sentimita 112. Ni afadhali alie sebuleni kuliko mlangoni baada ya kusubiri. Wenye watoto wachanga waulizie utaratibu wa wazazi kupokezana bila kupanga foleni upya. Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingizwa, na hilo huokoa fedha nyingi. Tena ifaa kuwahi lango linapofunguliwa, foleni zingali fupi.

Baada ya hapo, kila mtu katika familia, bibi akiwemo, achague jambo moja tu analolitamani zaidi ya yote. Hayo yatimizwe kwanza. Saa zitakazobaki ziachwe wazi, kwa kivuli, kwa usingizi wa mdogo, kwa mvua, na kwa lile lisilotazamiwa. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, na bustani ile haimaliziki kwa siku moja hata kwa mwenye mbio.

Watoto wetu watakua, wataondoka, na wengine wataishi majimbo ya mbali. Hawatakumbuka ni michezo mingapi waliipanda siku ile. Watakumbuka kama wazazi wao walikuwa na furaha.

Tunawatakia nyote likizo njema na safari ya salama.