Ampea 10 kwa Masharti

Ukipita kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya Luthuli Avenue kule Nairobi, hukosi kukuta kiboksi cha plastiki ya buluu chenye urefu usiofika sentimita 2. Ni rilei: swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme badala ya kidole. Mgongoni kina mistari minne iliyochapishwa: 10A 250VAC, 10A 125VAC, 10A 30VDC, 10A 28VDC. Wanunuzi wengi husoma ile "10A", wakaridhika, wakalipa.

Wiki chache baadaye malalamiko yanaanza. Pampu ya maji ya nusu farasi, ambayo ikishachanganya inakula ampea 3 au 4 tu, imegoma kuzimika. Tangi linafurika na rilei imeganda. Au kinyume chake: rilei inalia "tik" kama kawaida, lakini kifaa hakiwaki. Lawama zote hupelekwa kwa bidhaa feki. Feki zipo, hilo halina ubishi, ila hata rilei halisi kutoka kiwanda chenye heshima zake ingeweza kufa kifo hicho hicho. Ile 10A si ahadi kwamba chochote kilicho chini ya ampea 10 kitafaa. Ni muhtasari wa jaribio la maabara, na jaribio lenyewe lilikuwa na masharti: aina ya umeme, volti, aina ya mzigo, na idadi ya mara za kuwasha na kuzima.

Kilichomo ndani

Bandua kifuniko kwa kisu. Utaona koili ya waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye kiini cha chuma, ulimi wa chuma unaocheza juu yake, springi ya kuurudisha ulimi, na vidoto vya metali vinavyotazamana. Vidoto hivyo ndivyo mafundi wanaviita pointi. Koili ya volti 5 hula takriban miliampea 70, yaani kama theluthi moja ya wati. Kwa nguvu hiyo ndogo ulimi unavutwa, pointi zinakutana, na umeme wa ukutani wenye uwezo wa kuendesha pasi unapita. Mwanafizikia wa Marekani, Joseph Henry, alishaonyesha katika miaka ya 1830 kwamba mkondo mdogo unaweza kuamuru mkondo mkubwa, na telegrafu zikalitumia wazo hilo kupeleka ujumbe masafa marefu.

Koili haina makuu. Uhai wa rilei umo kwenye pointi, na pointi haziumii sana zikiwa zimetulia, ziwe zimeshikana au zimeachana. Huumia katika milisekunde chache za kukutana na za kuachana.

Moto ndani ya mwanya

Tufuatilie pointi zinapoachana. Pointi hata ing'arishwe vipi, uso wake una vilima na mabonde madogo mno, na umeme hupita kwenye vile vilima vichache vinavyogusana. Springi inapoanza kuzitenganisha, vilima hivyo huachana kimoja baada ya kingine mpaka kinabaki cha mwisho. Ampea zote zinabanana hapo. Fedha huyeyuka kwenye nyuzijoto 962 za Selsiasi, na kile kilima hufika huko kufumba na kufumbua. Kinavutika na kuwa daraja jembamba la metali iliyoyeyuka, daraja linachemka, linakatika. Mvuke wake pamoja na hewa iliyo katikati vinageuka kuwa njia ya umeme. Hilo ndilo tao la umeme: gesi yenye joto la maelfu ya nyuzi, iliyosimama kwenye mwanya usiofika milimita moja.

Tao nalo lina mahitaji yake. Kwenye pointi za fedha linahitaji takriban volti 12 na karibu nusu ampea ili lisimame. Likikosa kimojawapo, linazimika lenyewe. Kwa hiyo swali la msingi kwa kila rilei ni hili: nani atalinyima tao chakula?

Kwenye umeme wa AC, kazi hiyo inafanywa na umeme wenyewe. Gridi za Afrika Mashariki zina mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko mkondo hupita kwenye sifuri mara mbili. Hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Tao likiwaka, haziishi milisekunde 10 kabla mkondo haujafika sifuri. Gesi inapoa kidogo, pointi zinazidi kutengana, na volti zinaporudi zinakuta mlango umeshafungwa.

DC haina sifuri. Betri inasukuma upande mmoja bila kupumzika. Njia iliyobaki ni kulivuta tao lirefuke mpaka lihitaji volti nyingi kuliko zilizopo. Kwa volti 30, mwanya mdogo wa rilei unatosha. Kwa volti 100 na zaidi hautoshi, na tao linaweza kuendelea kuwaka pointi zikiwa zimefunguka kabisa. Ndiyo sababu kwenye kiboksi kimoja 250 imeandikwa mbele ya AC na 30 mbele ya DC. Ukifungua karatasi ya maelezo ya kiwanda utakuta pia mchoro wa DC unaoporomoka: rilei ya ampea 10 kwa volti 30 mara nyingi hairuhusiwi hata ampea 1 ikifika volti 110.

Jambo hili lilikuwa la watu wachache enzi ambazo DC ya nyumbani ilikuwa betri ya gari na redio. Sola imelileta darini. Paneli nane zenye volti 40 kila moja, zikiunganishwa kwa mfululizo, zinatoa volti 320 za DC. Anayeweka hapo rilei, swichi ya ukutani au sakiti breka ya AC kwa hoja kwamba "ampea zake zinatosha" ameweka kifaa kinachoweza kuwasha lakini kisichoweza kuzima. Siku ya kuzima, tao linabaki, plastiki inayeyuka, na kinachofuata ni kazi ya zimamoto. Vifaa vilivyotengenezwa kwa DC ya volti kubwa vina mwanya mpana, na vingi vina sumaku za kulisukuma tao pembeni lirefuke na kukatika. Kontakta, yaani rilei kubwa za mizigo mizito, za magari ya umeme huzibwa kabisa na kujazwa gesi kama haidrojeni au naitrojeni, ambazo hulipoza tao haraka.

DC huacha pia alama yake hata pale inapozimika vizuri. Pasua rilei iliyofanya kazi ndefu ya DC utazame pointi kwa lenzi: upande mmoja una kishimo, wa pili una kinundu. Metali imehama kidogo kidogo, siku zote kuelekea upande ule ule, mpaka kinundu kinakaribia kukwama ndani ya kishimo.

Ampea za kuanzia

Turudi kwenye pampu iliyogoma kuzimika. Mota ni kama mkokoteni uliopakiwa saruji: kuutoa mahali uliposimama kunataka jasho kuliko kuusukuma ukishaanza kwenda. Mota iliyosimama inaweza kuvuta mara 6 ya mkondo wake wa kawaida. Pampu ya ampea 4 inaanza na ampea 24, na rilei yetu ni ya 10.

Balbu za nyuzi zilikuwa na tabia hiyo hiyo. Uzi wa tangisteni ukiwa baridi una ukinzani mdogo sana, kwa hiyo balbu inapowashwa huvuta mara 10 hadi 15 ya mkondo wake. Taa za LED, ambazo watu huziona nyepesi, zina kapasita ndani. Kapasita tupu hulamba umeme kwa pupa, na kundi la taa linalokula ampea 1 likishatulia linaweza kuvuta makumi ya ampea kwa muda usiofika milisekunde moja.

Muda huo mfupi ungepita bila madhara kama pointi zingekutana mara moja zikatulia. Hazitulii. Zikigongana zinadunda, zinaachana, zinagongana tena, kwa milisekunde kadhaa. Kila mdundo ukitokea mkondo ukiwa kileleni, tao dogo linayeyusha ngozi ya fedha. Mdundo wa mwisho unazikalisha pointi juu ya metali ya maji, metali inaganda, na pointi zimeungana. Koili ikikatiwa umeme, springi haina nguvu ya kuzibandua.

Viwanda hupambana na hali hiyo kwa kuchanganya fedha na vitu vingine. Fedha na nikeli hufaa kwa mizigo ya kawaida. Fedha yenye oksaidi ya bati hukataa kugandana, kwa hiyo huwekwa kwenye rilei za taa na mota. Oksaidi ya kadimiamu ilitumika kwa miaka mingi, lakini kadimiamu ni sumu na inazidi kuachwa.

Mizigo isiyokubali kuzimwa

Pasi, hita na jiko la koili ni mizigo ya ukinzani mtupu: ukikata, umekata. Namba kubwa kwenye mgongo wa rilei hupatikana kwa mizigo hiyo ya kistaarabu. Mota, transfoma, koili ya kontakta na vali ya sumaku huhifadhi nishati katika usumaku wake, na nishati hiyo lazima itoke. Pointi zikiachana, volti hupanda ghafla mpaka mamia na kulilisha tao. Ndiyo maana karatasi ya kiwanda huwa na mstari wa pili kwa mizigo hii, wenye ampea chache kuliko ule wa kwanza.

Dawa zipo. Kwenye AC, kapasita na rizista zilizounganishwa kwa mfululizo na kuwekwa sambamba na pointi au mzigo huimeza ile nishati. Kwenye DC, dayodi sambamba na mzigo huipa njia ya kuzungukia. Dayodi huwekwa pia kwenye koili ya rilei yenyewe ili kuilinda transista inayoiendesha, na hapo kuna gharama isiyotajwa sana: usumaku wa koili hufifia polepole, ulimi unaachia kivivu, pointi zinaachana taratibu, na tao linapata muda zaidi wa kula.

Mara ngapi?

Karatasi ya rilei ndogo huwa na namba mbili za umri. Umri wa kimakanika, yaani kucheza bila mzigo, kwa kawaida ni mara milioni 10. Umri wa kiumeme, yaani kucheza na mzigo kamili, mara nyingi ni 100,000. Tofauti ya mara 100 hiyo ndiyo bei ya tao.

Laki moja inasikika nyingi mpaka uipigie hesabu. Pampu inayowashwa mara 20 kwa siku itaifikia baada ya zaidi ya miaka 13. Kidhibiti cha joto cha mashine ya kutotolea vifaranga kinachowasha hita kila dakika kitaimaliza kwa siku 70 hivi. Rilei ni ile ile na ampea ni zile zile. Ukipunguza mzigo, umri unarefuka, na ndiyo sababu mafundi makini hununua rilei ya ampea nyingi kuliko zinazohitajika.

Umeme ukizidi kuwa mdogo

Rilei hufa pia kwa kutotumika inavyostahili. Fedha hushika weusi inapokutana na gesi zenye salfa, na weusi huo haupitishi umeme vizuri. Kwenye mzigo mkubwa, tao na msuguano huusafisha. Kwenye ishara ya miliampea 1 inayokwenda kwenye kompyuta ndogo hakuna cha kuusafisha. Karatasi nyingi hutaja kiwango cha chini, mathalani miliampea 100 kwa volti 5. Kwa ishara ndogo hutengenezwa pointi zilizopakwa dhahabu, isiyoshika kutu. Tabaka lake ni jembamba mno. Likipitishwa mzigo mkubwa mara chache linaungua, na anayezikwangua pointi hizo kwa msasa "kuzisafisha" ameitupa dhahabu yenyewe.

Kuchagua bila kubahatisha

Namba zisomwe zote, pamoja na upande zinaouhusu. Rilei nyingi za magari huandikwa 40/30A 14VDC. Ampea 40 ni za mguu wa 87, unaopata umeme rilei inapovuta. 30 ni za 87a, ambao pointi zake hushikiliwa na springi peke yake. Na hiyo 14VDC ina maana yake: rilei hiyo haikuandikwa kwa ajili ya betri za sola za volti 48.

Kuziunganisha pointi mbili sambamba hakuifanyi rilei ya 10 kuwa ya 20 wakati wa kuwasha na kuzima. Hazikutani kwa wakati mmoja kamili, na ile inayotangulia kukutana au kuchelewa kuachana hubeba mzigo wote. Kwenye DC, kuziunganisha kwa mfululizo kunasaidia kweli, maana tao linalazimika kuvuka myanya miwili.

Kwa mota, kimbilio ni kontakta, na kibao chake kinasema ukweli zaidi kuliko kile kiboksi cha buluu. Kontakta moja huweza kuandikwa ampea 25 chini ya AC-1 na ampea 9 chini ya AC-3. AC-1 ni mizigo kama hita. AC-3 ni mota inayowashwa ikiwa imesimama na kuzimwa ikiwa inazunguka. Anayefunga pampu husoma 9, na 25 anamwachia mwenye hita. Rilei ndogo ipewe kazi ya kuwasha koili ya kontakta tu, yenye mkondo mdogo, huku koili hiyo ikiwekewa kapasita na rizista zake. Gharama inaongezeka kidogo, lakini mwenye tangi ataweza kuzima pampu siku anapotaka kuizima.