Cheki Chini ya Bodi

Wasee wengi wakiona serfa akichapa wimbi, macho yao huenda kwa msee mwenyewe: vile amekunja magoti, vile anageuka, vile maji inaruka. Mi hucheki chini ya bodi. Style yote ya hii mchezo hutokea hapo kwa mapezi, vile vipande vinavyosimama chini ya mkia kama mapezi ya samaki.

Kitambo huko Hawaii bodi ilikuwa mbao tupu. Machifu walikuwa na olo, limti refu kupita mita 4, na raia wakatumia alaia, fupi na nyembamba. Zote hazikuwa na pezi. Ukikata kona kwa nguvu, mkia unahepa kando kama nduthi kwa matope. Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea Olimpiki ya 1912, alipofika Sydney, alichonga bodi yake mwenyewe, akaonyesha umati pale Freshwater vile inapandwa. Hadi leo hiyo bodi iko hapo. Hata hiyo haikuwa na pezi.

1935 ndio serfa Tom Blake akaamsha. Alitoa kipande cha chuma chini ya spidiboti iliyotupwa, akakifunga chini ya bodi yake huko Waikiki, Hawaii. Mkia ukatulia. Tangu hapo unaweza kuelekeza bodi, si kuburutwa tu.

Vitu zingine zikafuata mbio. Balsa na faiba zikapunguza uzito, halafu miaka ya 50 povu ikaingia. Wasee walikuwa wanatembea juu ya bodi hadi wasimame kwa pua. Iliwaka hiyo style. Kufika 1967 Waaustralia wakakata bodi zikawa fupi, na mchezo ukahama kutoka kutembea hadi kukata kona.

Sasa hapa ndio mi hupenda. Mwisho wa miaka ya 70, bodi ya kuomoka ilikuwa ya mapezi mawili. Serfa Mark Richards alichapa nayo ubingwa wa dunia mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982. Lakini Simon Anderson, serfa wa Narrabeen, kaskazini mwa Sydney, alikuwa jitu la msee. Mapezi mawili yalimkataa. Akiweka uzito kwa kona, bodi inateleza, na kwa wimbi kubwa hiyo ni noma.

Jamaa alikuwa fundi pia, bodi anajichongea. Mwisho wa 1980 aliona bodi ya beste yake ikiwa na kipezi kidogo katikati ya mkia, akapata rada. Akarudi kuchonga: mapezi matatu, size karibu moja. Mawili yanakaa kando, yamegeuzwa kiasi kuelekea pua, ndio maji iyasukume bodi ipate kasi. La tatu liko nyuma katikati, linashika mkia usihepe. Ukikanyaga, bodi inashika na inaruka mbele saa hiyo hiyo. Akaiita Thruster.

Pasaka ya 1981, kwa mashindano ya Bells Beach huko Australia, mawimbi yalikuwa makubwa kupindukia. Simon akaingia na hiyo bodi yake ngeni na akachukua taji. Mwaka huo huo akabeba mashindano ya Surfabout kwao Sydney, kisha ya Pipeline Masters huko Hawaii. Wenye walikuwa wanaicheka wakanyamaza, na kila fundi akaanza kuweka tatu.

Simon hakuweka haki miliki kwa hiyo dizaini. Kila karakana duniani iliichukua bure, na ganji ikaenda kwa wengine. Inaniuma kusema ukweli, juu zile kona kali na kuruka hewani unaona leo zimejengwa juu ya wazo lake. Serfa Kelly Slater ako na mataji 11 ya dunia, na alipoyashinda mengi, chini ya miguu yake kulikuwa na mapezi matatu.

Olimpiki ya Los Angeles 2028 ikianza, serfa akibeba bodi kwapani kuingia maji, hesabu mapezi. Ukipata tatu, mpee Simon Anderson heshima yake.