Pumu ya Watu Wazima na Bakteria wa Tumboni (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi njia za hewa za mgonjwa wa pumu zinavyovimba na kubana. Leo tushuke hadi kwenye utumbo mpana, wanakoishi matrilioni ya bakteria kwa kutegemea mabaki ya chakula chetu. Msomaji atauliza: kinachobana ni kifua, tumbo linaingiaje?

Linaingia kwa njia ya nyuzinyuzi, ile sehemu ya nafaka, kunde, mboga na matunda ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuimeng'enya. Ikifika utumbo mpana, bakteria huichachua na kutoa asidi ndogo za mafuta: asetati, propionati na butirati. Sehemu yake hutumiwa palepale na seli za ukuta wa utumbo, nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2014 kundi la Benjamin Marsland huko Lausanne, Uswisi, lilionyesha kinachofuata. Panya waliokula nyuzinyuzi nyingi, walipokutanishwa na utitiri wa vumbi la nyumbani, mapafu yao yalivimba kidogo kuliko ya wenzao walionyimwa. Sababu ilikutwa ndani ya uboho wa mifupa. Propionati ilikuwa imezibadili seli changa za kinga zinazozaliwa humo, hata zilipofika mapafuni hazikuwa na nguvu ya kuchochea mzio. Hapo bakteria hawakuhitaji kuhamia kifuani. Yalisafiri mazao ya kazi yao, na seli za kinga zikaondoka kwenye uboho zikiwa zimekwisha kufundwa.

Panya si watu, ni kweli. Lakini huko Newcastle, Australia, watu wazima wenye pumu walipewa mlo mmoja tu wenye inulini, aina ya nyuzinyuzi iliyomo pia kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Saa 4 baadaye makohozi yao yalipopimwa, seli za uvimbe, zikiwamo neutrofili, zilikuwa zimepungua. Baadaye wagonjwa 17 walipewa inulini kila siku kwa siku 7, na dalili zao zikatulia kuliko awali. Wagonjwa 17 ni wachache mno, na siku 7 ni fupi. Hata hivyo huu ni ushahidi wa binadamu, na mimi naupa uzito.

Sina imani hiyohiyo na tafiti zinazolinganisha tu kinyesi cha wagonjwa na cha watu wazima wa afya. Mwaka 2019, kwa mfano, ilibainika kwamba bakteria aitwaye Akkermansia muciniphila amepungua kwa wenye pumu kali. Je, kupungua kwake ndiko kulikozidisha pumu, au ni unene, antibayotiki na vidonge vya steroidi walivyomeza wagonjwa hao kwa miaka? Kulinganisha peke yake hakujibu.

Kwetu suala hili linaanzia mashineni. Mahindi yakikobolewa, pumba huenda kwa kuku na ng'ombe, nasi tunarudi nyumbani na sembe nyeupe. Chakula cha bakteria wetu kimebaki kwenye gunia la mifugo. Inaniuma kuona dona ikidharauliwa kuwa chakula cha shida. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha matokeo ya vijana wa kiume 77 wa Kilimanjaro: waliohamishwa kutoka vyakula vya asili kwenda vya kizungu kwa wiki 2 walionyesha dalili za uvimbe kwenye damu. Pumu haikupimwa, lakini njia za uvimbe zinazoguswa ni za jamaa moja.

Basi mgonjwa ale dona, ulezi, kunde, maharage, mchicha, na ndizi mbichi za kupika, ambazo sehemu ya wanga wake hufika kwa bakteria ukiwa mzima. Aanze kidogokidogo, maana tumbo lisilozoea hujaa gesi. Asikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki kila kifua kinapobana: haifungui njia za hewa, na huua bakteria hao hao. Wala asiache dawa yake ya kuvuta, hasa ile ya kuzuia, hata akila vizuri namna gani. Hakuna chakula kinachozima shambulio la pumu. Likija, ni dawa ya kuvuta na hospitali.

Juma lijalo: mimba, maziwa ya mama na pumu ya mtoto.