Bandari Iliyogeuka Mji wa Mabenki

Zamani walimu wetu walifundisha ya kuwa London ni miongoni mwa bandari kubwa kabisa za ulimwengu. Siku hizi, mahali zilipofungwa merikebu pana minara ya mabenki. Nasi twauliza neno moja: je, wachukuzi wa pale walipata nini katika mageuzi hayo?

Gati za West India zilifunguliwa mwaka 1802 katika Isle of Dogs, mahali Mto Thames unapopinda mashariki ya mji. Zilipokea sukari iliyolimwa na Waafrika wenzetu waliouzwa utumwani ng'ambo. Robert Milligan, mmoja wa waanzilishi wake, alimiliki watumwa. Sanamu yake ilisimama huko hata mwaka 2020, ndipo ikaondolewa.

Wachukuzi nao walikuwa maskini. Kila asubuhi walisongamana langoni wakingoja kuitwa. Asiyeitwa alirudi kwake mikono mitupu. Mwaka 1889 waligoma wakidai peni sita kwa saa. Kardinali Manning, Askofu Mkuu wa Westminster, mzee wa miaka 81, ndiye aliyesaidia kuwapatanisha na mabwana wao, nao wakazipata peni zao.

Lakini baada ya mwaka 1960 yalikuja makontena. Kreni moja na watu wachache wakatenda kazi ya mamia. Merikebu mpya zilikuwa kubwa mno kwa gati za zamani, na shughuli zikahamia Tilbury, karibu na bahari. Gati za West India zikafungwa mwaka 1980, na zile za Royal mwaka 1981.

Mwaka huo huo serikali iliunda shirika la kuustawisha upya mtaa wote. Shirika likapewa ardhi, pamoja na madaraka ya ujenzi yaliyokuwa mikononi mwa mabaraza ya wenyeji. Tuseme kweli, halikulala. Reli ndogo na uwanja wa ndege vilifunguliwa mwaka 1987. Mnara wa Canary Wharf, wenye urefu wa mita 235, ukamalizika mwaka 1991. (Kampuni iliyoujenga ilifilisika mwaka uliofuata!) Leo maelfu na maelfu ya watu huenda kazini huko.

Kazi gani, basi? Kazi za hesabu na karatasi. Mtu aliyebeba magunia tangu ujana wake angeombaje kazi ya benki? Nyumba nyingi mpya zilijengwa ili ziuzwe, bei ikapanda, na mtoto wa mchukuzi akashindwa kununua chumba katika mtaa aliozaliwa. Hata sasa, katika wilaya ya Tower Hamlets, mishahara minono ya minarani na watoto wengi wafukara hukaa jirani.

Bohari moja ya sukari iligeuzwa makumbusho mwaka 2003, na watu huingia bure. Nje, ukingoni mwa maji, kreni chache zimeachwa zimesimama. Hazinyanyui kitu.