Moyo ndani ya sahani: namna ya kusikiliza umeme wake, na kwa nini inatuhusu

Wapendwa wanafunzi, na siye tuliokwisha kumaliza masomo, leo niwaeleze kitu ambacho watu wa biolojia kama mimi tunakifuata kwa karibu: kurekodi umeme wa tishu ya moyo iliyokuzwa katika laboratwari. Najua wengine watasema hiyo ni mambo ya Japani na Marekani. Ngojeni, tutafika mpaka kwenye kinini.

Moyo unapiga kwa umeme. Seli yake ina milango midogo sana. Sodiamu inaingia ghafla, kalisiamu inafuata na seli inajikaza. Kisha potasiamu inatoka, seli inatulia, tayari kwa pigo lingine. Yote hayo kwa chini ya nusu sekunde.

Tishu yenyewe inatoka wapi? Mwaka 2006, huko Kyoto, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi walirudisha seli za kawaida za panya kwenye hali ya utoto kwa kuziongezea jeni 4. Mwaka 2007 wakafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu. Yamanaka alipata Nobel mwaka 2012. Seli hizo zinaweza kuelekezwa ziwe za moyo, na kisha siku kama 10 hivi zinaanza kupiga zenyewe ndani ya sahani.

Chini ya sahani ya kurekodi kunapangwa elektrodi, mara nyingi 60, kila moja nyembamba kuliko unywele. Tishu inakaa juu yake, haichomwi sindano. Ishara ni ndogo mno, kwa hiyo mashini inaikuza na kompyuta inaichora. Kwanza unaona ncha kali: sodiamu imeingia. Baadaye unaona kilima kidogo: potasiamu inatoka. Muda kati ya ncha na kilima, huo njo tunautafuta.

Kwa nini? Kwa sababu kuna dawa zinazoziba mlango wa potasiamu. Seli inachelewa kutulia, mapigo yanavurugika, na mtu anaweza kufa ghafla. Cisapride, dawa ya tumbo, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2000 kwa sababu hiyo. Leo mtafiti anaweka dawa mpya juu ya tishu kidogo kidogo, anaangalia kama ule muda unarefuka, mbele dawa haijaingia kwa mtu.

Sasa kinini. Gome la mti wa kinkina, ule uliopandwa Kivu, linatoa kinini na pia kinidini. Ni kama mapacha: atomi ni zilezile, mpangilio tu ndio tofauti. Kinidini inarefusha ule muda sana, kinini kidogo zaidi. Hii ni sababu moja kinini ya mshipani inapitishwa polepole. Msiache dawa ya munganga kwa sababu ya maandishi haya! Malaria isiyotibiwa inaua.

Njia hii ina mipaka. Seli hizi bado ni changa, zinafanana na za mtoto aliye tumboni kuliko za mtu mzima. Tena, nyingi zinazotumiwa duniani zilitoka kwa watu wa asili ya Ulaya, wakati jeni za mtu zinaweza kubadilisha namna moyo wake unavyopokea dawa. Wanaomeza dawa za malaria kwa wingi ni siye.

Kukuza seli kunadai joto la digrii 37 usiku na mchana, na kwetu mnajua umeme unavyokatika. Lakini kuchambua zile ishara kunadai kompyuta, hesabu na uvumilivu. Wa fizika, wa informatiki, wa farmasia: hapo tunaweza kuanzia. Mwenye kupendezwa aandike hapa chini, tusome pamoja.